Vitundu vya Kofia, Jua la Kagarama

Mdogo wangu alipokuja kuishi kwangu Kagarama, mtaa wa Kigali, alikuja na begi moja la nguo na mkasi wa fundi aliokuwa ameuzungushia kitambaa. Shangazi aliupokea ule mkasi mlangoni kwa upole, akautia kwenye mkoba wake. Mdogo wangu hakubisha. Aliingia sebuleni, akavuta kiti hadi dirishani, akakaa akitazama bonde, kule ambako mabati ya nyumba za chini huanza kung'aa jua likichomoza. Kwa majuma kadhaa hapo ndipo palikuwa mahali pake.

Ni fundi cherehani, kama baba yetu alivyokuwa. Sisi ni watu wa Nyamirambo, Waislamu. Bibi mzaa baba alizaliwa Ujiji, akaolewa na mfanyabiashara wa vitambaa aliyemleta Kigali, na Kiswahili cha nyumbani kwetu ni chake, kikiwa kimechanganyika na Kinyarwanda hadi sisi wenyewe hatujui mpaka uko wapi. Wazazi wetu wote wawili wameshafariki. Mdogo wangu alibaki na chumba cha kushonea cha baba, mimi nikasomea kompyuta nikapata kazi Remera, na shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetuunganisha. Jumapili tulikula kwake, na aliyekosa alipigiwa simu hadi ajute.

Ugonjwa ulianza na cherehani. Siku moja mdogo wangu alinipigia simu mchana, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeelezea hali ya hewa, "Dada, hii mashine inanisema."

"Inakusema vipi?"

"Nikikanyaga inanitaja. Inasema mambo yangu kwa watu wanaopita."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Baadaye akaacha kulala, akaacha kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine, na asubuhi moja akawatoa wateja wote dukani huku akilia, akafunga mlango kwa ndani. Majirani walituambia mengi. Kuna waliosema ni mashetani, kuna waliosema ni bangi, ambayo hajawahi kuigusa. Shangazi aliwasikiliza wote, kisha akaniita jikoni.

"Tutamsomea, na hospitali tutampeleka," alisema. "Mungu hajakataza daktari."

Ndivyo tulivyofika Ndera, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili. Alilazwa kwa muda, akatulia kidogo, akaruhusiwa pamoja na dawa na tarehe za kurudi kliniki. Nyamirambo chumba chake kilikuwa kimepakana na kile cha kushonea, na hakutaka hata kupita mbele ya mlango wake. Kwangu kulikuwa na chumba cha wageni. Kazini niliomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani siku nyingi, wakanikubalia, maana mtu anayeandika programu za maghala hahitaji kuonekana ghalani.

Shangazi alikuwa anakuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuja na kofia zake.

Kwa asiyezijua: ni kofia nyeupe za kiume za kushonwa kwa mkono, ambazo mapambo yake ni vitundu. Kitambaa kinakuwa tabaka mbili, kinachorwa maua na nyota kwa penseli, kisha kila mahali panapotakiwa panatobolewa kwa kitu chenye ncha, na ukingo wa kitundu unazungushiwa uzi, mzunguko kwa mzunguko, hadi kikaze. Kofia moja ina mamia ya vitundu. Bibi alikuja na ujuzi huo kutoka Ujiji, shangazi akaurithi, na mimi nilikuwa wa kuupokea ila nilikimbilia kompyuta. Hilo shangazi hakunilaumu nalo. Alisema macho yangu tangu utotoni hayakuwa ya sindano.

Asubuhi hiyo ninayoikumbuka, mdogo wangu alikuwa kitini kwake na shangazi amekaa mkekani. Shangazi alimaliza safu moja, akainua ukanda wa kofia kuutazama dhidi ya mwanga, kama anavyofanya kila mara ili aone kama kuna kitundu kimeziba. Jua la Kagarama saa hizo linaingia sebuleni kwangu likiwa limelala, linafika hadi ukuta wa pili. Lilipita kwenye ule ukanda, na sakafuni pakatokea nukta za mwanga, safu kwa safu, zikitikisika kwa sababu mkono wa shangazi ulikuwa unatikisika.

Mdogo wangu aliinama akaweka kiganja chake chini ya mwanga. Nukta zikamwagika juu ya vidole vyake.

"Zote ni duara," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikia sauti yake, na pengine mara ya kwanza juma lile aseme jambo ambalo hakuulizwa. Shangazi alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Mdogo wangu alikuwa sahihi: vitundu vya shangazi vingine ni virefu kama punje ya mchele, vingine vina pembe, lakini nukta sakafuni zote zilikuwa duara. Shangazi alipousogeza ukanda juu zaidi, zilipanuka na kufifia, zikaingiliana. Alipoushusha, zilikaza.

"Endelea kushika hivyo, shangazi," nilimwambia.

"Mkono utakatika!"

"Kidogo tu."

Nilipiga picha nyingi kwa simu. Lakini picha hazikunitosha. Nilichotaka ni ile namna yenyewe, jinsi safu moja inavyoisukuma nyingine, jinsi mwanga unavyobadilika ukisogea. Hiyo ni kanuni, na kanuni ndiyo kazi yangu.

Kuna aina ya sanaa ambayo msanii hachori picha. Anaandika maelekezo, kompyuta ndiyo inayochora, na ndani ya maelekezo hayo anaachia mambo fulani bahati iamue: kitundu hiki kikae hapa au kisogee kidogo kulia, safu hii iwe nzito au nyepesi. Ukiendesha programu leo unapata picha moja, ukiiendesha kesho unapata nduguye, wanafanana bila kuwa sawa. Nilikuwa nimeiona kwenye mtandao kwa miaka, nikiipenda kwa mbali, bila kujua ningefanya nini nayo. Sasa nilijua.

Nilianza kuamka mapema kabla ya kazi za ofisi. Niliandika jinsi ua linavyoanza katikati na kujipanga, jinsi vitundu vinavyokaribiana kwenye kona, jinsi jua linavyopita kila kitundu kwa mshazari na kuangusha duara lake mahali fulani kwenye ukuta wa kubuni. Rangi nilizipata pale pale sebuleni: nyeupe inayoelekea manjano ya asubuhi, kijivu cha sakafu, na ule wekundu wa vumbi la barabarani unaoingia hata ufunge madirisha. Picha za kwanza zilikuwa baridi. Zilinyooka mno, zilifanana na karatasi ya hesabu. Niliongeza makosa madogo, yakazidi, picha ikawa kama mvua ya mawe. Nilipunguza. Polepole pakaanza kutokea kitu ambacho nilikuwa naweza kukitazama kwa muda bila kutaka kukirekebisha.

Nilimwonyesha shangazi. Alivaa miwani, akaitazama skrini, akaguna.

"Imependeza. Unaweza kuichapisha kwenye kitenge? Kuna harusi ya mtoto wa jirani."

"Shangazi, hii ni sanaa."

"Na harusi je?"

Mdogo wangu alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini nilikisikia.

Miezi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwa mwenye nyumba ya sanaa kule Remera. Ni mama mmoja aliyekulia Dar es Salaam, mtoto wa wakimbizi wa zamani, aliyerudi nchini akiwa mtu mzima na kugeuza nyumba ya familia yake kuwa mahali pa maonyesho. Kiswahili chake ni cha Dar kabisa, kinapanda na kushuka, na mimi nikiongea naye huwa najisikia kama mtu anayevaa viatu vizuri. Nilimpelekea kazi zangu kwenye kompyuta, akazitazama moja moja akiwa amesimama, kikombe mkononi.

"Mdogo wangu, hizi nzuri. Nzuri sana. Ila nikuulize, usinielewe vibaya. Mbona si imigongo? Wageni wakija hapa, kitu cha asili wanachokijua ni imigongo."

Imigongo ni michoro ya samadi iliyoinuliwa ubaoni, mistari yenye pembe kali, nyeusi na nyeupe na nyekundu, na ukiingia hoteli yoyote ya Kigali lazima uikute ukutani. Naipenda. Lakini hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuitengeneza.

"Hizi ndizo za kwetu," nilimjibu. "Kofia. Bibi yangu alizishonea Biryogo, hapa hapa Kigali, kabla hata baba hajazaliwa."

"Sawa. Lakini watu watasema ni za pwani."

"Na wewe watu hawasemi ni wa Dar?"

Alicheka hadi akatua kikombe. "Haya, umenipata. Lete. Ila nataka moja kubwa, ya skrini, inayocheza. Picha ya kutundikwa watu wameizoea. Nataka mtu akiingia mlangoni asimame."

Nikarudi nyumbani nikatengeneza inayocheza. Niliipa nguvu zangu zote. Maua ya vitundu yalifunguka kutoka katikati, duara za mwanga zikakimbia ukutani, zikakusanyika, zikatawanyika, zikarudi. Kila baada ya muda mfupi picha nzima ilijipanga upya. Niliiona nzuri kuliko chochote nilichowahi kukitengeneza. Jumamosi moja asubuhi niliunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni, nikamwita mdogo wangu aje aone.

Alisimama nyuma ya kochi. Alitazama. Kisha akaanza kurudi nyuma, taratibu, mkono mmoja ukitafuta ukuta.

"Zima."

"Subiri kidogo, inakuja sehemu..."

"Zima, dada. Vinakuja. Zima!"

Nilizima. Alikuwa ameshaingia chumbani. Nilibaki nimeshika rimoti, nikisikia jinsi anavyovuta pumzi upande wa pili wa mlango. Shangazi aliweka kofia yake chini, akaenda akakaa kizingitini, akaanza kumsomea Kurani kwa sauti ya chini, na alikaa hapo hadi pumzi ikatulia. Mimi nilitoka nikazunguka nyumba. Nilihisi kama niliyechukua kitu kilichomtuliza nikakigeuza kuwa ile cherehani.

Niliikunja ile kazi, nikamwandikia yule mama wa Remera kwamba nitachelewa.

Juma lililofuata ilikuwa tarehe ya kliniki. Tulichukua basi Remera hadi Ndera, tukafika mapema, tukakaa kwenye veranda ya kusubiria pamoja na wengine. Wengi walikuwa kama sisi: mgonjwa na mtu wake, mfuko wa chakula katikati. Muuguzi aliyekuwa akipita na mafaili anatujua.

"Dawa iko anakunywa?" aliniuliza.

"Anakunywa mwenyewe," nilisema.

"Niulize mimi," mdogo wangu alisema, bila hasira. "Niko hapa."

Muuguzi alimgeukia, akamwomba radhi, akamuuliza upya. Akajibu. Nilifurahi na nikaona haya kwa wakati mmoja.

Upande wa mashariki wa ile veranda umejengwa kwa matofali yenye matundu, ya kupitisha hewa. Jua lilikuwa linapita humo na kuanguka ukutani mbele yetu kama safu za vipande vya mwanga. Tulipofika vilikuwa karibu na dari. Nilikuwa nimeviona mara nyingi bila kuvitilia maanani. Mdogo wangu alikuwa anavitazama.

"Hizi hazinisumbui," alisema ghafla.

Nilimgeukia.

"Ile yako ilikuwa inanitaka. Unaelewa? Kila ikibadilika ni kama inaniuliza kitu, na kabla sijajibu inauliza kingine. Hizi zinatembea pia. Zilikuwa pale juu, sasa ziko hapa. Lakini haziulizi. Ukitaka unaangalia, usipotaka zinaenda zake."

"Ulikuwa unaziangalia tangu zamani?"

"Nilipolazwa, dirisha la kule ndani lilikuwa na nondo. Kivuli chake kilikuwa kinatambaa kitandani. Nilikuwa najua chakula kinakaribia kikifika gotini." Alikunja uso kidogo, akikumbuka. "Kulikuwa na siku za mawingu. Hakiji. Hapo ndipo nilikuwa napata shida."

Nilimpa andazi kutoka kwenye mfuko, akala. Jina lake likaitwa, akaingia kwa daktari peke yake.

Nikiwa nimekaa pale nilielewa nifanye nini, na sikujua kama kuna mtu atakayeipenda. Ningeifunga picha kwenye jua lenyewe. Mahali jua lilipo angani kwa Kigali, kila saa ya kila siku ya mwaka, ni hesabu inayojulikana, mtu anaweza kuiandika kwenye programu bila shida. Duara zangu zingesogea kwa mwendo ule ule wa mwanga wa verandani, ambao jicho halioni ukisogea, linaona tu kwamba umesogea. Na kwa ajili ya mawingu ningeweka kamera ndogo dirishani, isirekodi mtu wala kitu, ipime tu mwanga wa nje. Wingu likipita, picha ipauke. Jua likirudi, ikaze.

Bahati niliiachia sehemu moja tu: kila asubuhi kompyuta ingepanga maua mapya ya vitundu, na kwa siku nzima yangekuwa hayo hayo.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza. Kitu kinachokimbia kinaficha udhaifu wake, mtu hana muda wa kuuona. Kitu kilichotulia hakifichi. Nilipanga na kupangua vitundu kwa majuma, na safari hii mdogo wangu alikuwa anakuja mwenyewe kusimama nyuma yangu. Hakusema sana. "Hapo pamejaa." "Hapo panaumiza jicho." Siku moja alileta kiti chake kutoka dirishani, akakiweka karibu na meza yangu. Ndio tukawa tunakaa hivyo asubuhi, mimi na kompyuta, yeye na kitambaa ambacho shangazi alikuwa ameanza kumwachia azungushie uzi, sindano ya mkono, isiyo na mlio.

Siku ya kufungua maonyesho ilikuwa Ijumaa jioni. Watu walijaa. Skrini yangu ilikuwa ukuta wa mbele kabisa, mkabala na mlango, na jua lilikuwa linaelekea kuzama, kwa hiyo duara zilikuwa zimelala ndefu na nyekundu pembeni mwa picha, zikififia. Kwangu mimi ndiyo saa yake nzuri. Nilisimama karibu nisikie.

Kijana mmoja alimwambia mwenzake, "Hii imekwama."

Mwanamke mmoja aligusa kioo kwa kidole, akasubiri, akaenda. Bwana mmoja mwenye suti aliuliza kama ni tangazo. Baadaye giza lilipoingia, picha nayo ikazima taratibu hadi ikabaki kijivu tupu, kama nilivyoiandika ifanye, na mhudumu akaja kuangalia kama waya umechomoka.

Yule mama wa Remera alinivuta pembeni.

"Mdogo wangu, nisaidie. Ile uliyonionyesha mwanzo iko wapi? Ile iliyokuwa inacheza?"

"Niliiacha."

"Iweke hata kwa leo. Watu wanadhani skrini yangu ni mbovu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Nilimwambia kuhusu mdogo wangu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote wa nje, na nilimwambia kwa kifupi, pale kando ya meza ya juisi. Alinisikiliza. Hakunionea huruma ya uso, nami nilimshukuru kwa hilo.

"Pole," alisema. "Nimeelewa kwa nini wewe uliifanya hivi. Lakini hawa hawajui, na mimi siwezi kusimama mlangoni nikiwaelezea. Kesho naihamishia kwenye ushoroba. Usinichukie."

Sikumchukia. Lakini nilirudi Kagarama nikiwa nimekunjamana. Pengine alikuwa na haki. Pengine nilikuwa nimemtengenezea dawa mtu mmoja nikaitundika ukutani na kuiita sanaa. Swali hilo lilinikaa siku nyingi, na hadi leo sijalimaliza. Ninachojua ni kwamba sikuwa na hamu ya kuirudisha ile ya mbio, hata pale nilipokuwa na uchungu.

Mdogo wangu ndiye aliyeomba kwenda kuiona. Tulikwenda siku ya kazi, mchana, nyumba ya sanaa ikiwa karibu tupu. Ushoroba wenyewe ulikuwa mwembamba, unaelekea kwenye masinki ya kunawia mikono, na mkabala na skrini kulikuwa na benchi la mbao ambalo nadhani liliwekwa kwa ajili ya watu wanaosubiri choo. Tulikaa. Duara zilikuwa karibu na katikati, ndogo na kali. Maua ya siku hiyo yalikuwa yametokea ya ajabu, yameegemea upande mmoja kama nyasi kwenye upepo. Nisingeweza kuyapanga hivyo mwenyewe.

Ilikuwa msimu wa mvua. Tukiwa pale, mawingu yakaja upande wa Kanombe, mvua ikaanza kupiga mabati, na picha ikaanza kupauka. Ilipauka polepole, duara moja baada ya nyingine zikilainika, hadi ukawa unazibahatisha tu. Niliona mabega ya mdogo wangu yamekaza. Nilikumbuka alivyosema kuhusu siku za mawingu, na nikajilaumu kwa kumleta.

"Twende?" nilimuuliza.

"Oya," alikataa kwa Kinyarwanda. "Tungoje."

Mwanamke mmoja wa makamo alitoka kunawa, mikono ikidondosha maji. Alisimama akatazama skrini iliyopauka, akatutazama sisi tuliokaa mbele yake kama watu kwenye sinema.

"Hii kitu imeharibika?" aliuliza.

Nilifungua mdomo kumweleza. Mdogo wangu akawahi.

"Haijaharibika, mama. Nje kuna mvua, ndiyo maana. Inafuata jua."

"Inafuata jua kivipi?"

"Kaa uone. Mvua ikiisha itarudi."

Na yule mama akakaa. Sijui kwa nini. Labda mvua ilikuwa nyingi na hakuwa na pa kwenda. Alikaa kati yetu na ukuta, akafuta mikono kwenye kitenge, akamuuliza mdogo wangu anafanya kazi gani.

"Fundi nguo," alijibu. "Nilikuwa naumwa, sasa nashona kofia za mkono. Mashine bado."

"Pole. Unaumwa nini?"

"Kichwa. Mawazo. Natibiwa Ndera."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema anatibiwa jino. Yule mama alitikisa kichwa, akasema ana mtoto wa dada yake alitibiwa hapo hapo, sasa ana familia. Wakaendelea kuongea, kuhusu dawa inayomfanya mtu asinzie, kuhusu kukosa usingizi, mambo ambayo mimi dada yake sikuwahi kumsikia akimwambia mtu. Sikuingilia. Mvua ilinyesha muda mrefu. Ilipopungua, nilikuwa wa kwanza kuona duara ya juu kabisa ikijichora upya, lakini niliwaacha waigundue wenyewe.

"Ee!" yule mama alisema, akasimama na kusogea karibu. "Kweli inarudi."

Alibaki hadi zikakaza zote, akatuaga kwa mikono miwili, akaondoka. Jina lake hatukuuliza.

Maonyesho yaliisha na skrini ikarudi nyumbani. Mwenye nyumba ya sanaa alinipigia baadaye, akaniambia kuna watu wamemuuliza iko wapi ile picha ya ushorobani, wachache, akasisitiza wachache ili nisivimbe kichwa. Tumekubaliana nimtengenezee nyingine, na safari hii ameniuliza inataka ukuta gani.

Sitaki mtu adhani picha ilimponya mdogo wangu. Dawa zilimsaidia, na shangazi, na muda. Na hakupona moja kwa moja: mwaka uliofuata alirudi Ndera kwa kipindi kifupi, baada ya kuacha dawa akidhani yuko sawa, tukaanza tena karibu na mwanzo. Sasa anazinywa. Amerudi Nyamirambo, chumba kingine, mtaa wa juu kidogo, na anashona kwa mkono tu. Kofia zake zina wateja, ingawa shangazi anasema anazungusha uzi kwa pupa.

Mimi nilibaki Kagarama na ukimya ambao ilinichukua muda kuuzoea. Jumapili namfuata. Juzi tulikaa kwenye mgahawa wa chini ya chumba chake, chai ya maziwa na chapati mezani, na televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha mpira kwa sauti ya juu, watu wakipiga kelele. Nilimwangalia kama anasumbuka. Hakuwa ananiona. Alikuwa amegeuza kiti chote, anambishia mzee wa meza ya jirani kwamba lile halikuwa penalti hata kidogo.

"Dada, mwambie!" alisema. "Si umeona mwenyewe?"

Sikuwa nimeona. Nikasema nimeona, haikuwa penalti. Yule mzee akanigeukia mimi sasa, amekasirika kwelikweli, na tukabishana naye wote wawili hadi kipindi cha pili kikaanza.